Matoleo Mawili ya Lugha Moja Katika Kompyuta Moja

Watafiti wanaotumia kompyuta wamezoea kuulizana programu fulani imeandikwa kwa lugha gani. Swali la pili, ambalo ni zito vilevile, mara nyingi halitajwi: ni toleo lipi la lugha hiyo? Makala haya yanakusudia kueleza uzito wa swali hilo, na jinsi matoleo kadhaa ya lugha moja yanavyoweza kukaa pamoja katika kompyuta inayoendeshwa na Linux pasipo kugombana. Mfano wetu utakuwa lugha ya Python, kwa kuwa inatumika sana katika utafiti, na kwa kuwa historia yake inalidhihirisha jambo lenyewe waziwazi.

Python 3.0 ilitolewa tarehe 3 Desemba 2008. Watungaji wake walikusudia kabisa isilingane na Python 2 katika mambo kadhaa, ili wasahihishe kasoro za zamani. Kwa muda wa miaka kumi na moja matoleo hayo mawili yaliishi pamoja, hadi tarehe 1 Januari 2020 matunzo ya Python 2 yalipokoma. Toleo lake la mwisho, 2.7.18, lilitoka Aprili 2020. Lakini programu zilizoandikwa kwa Python 2 hazikufa siku hiyo. Zimo bado katika maabara na vyuo, nyingine zikiwa zimeandikwa na watu waliokwisha staafu.

Baadhi ya tofauti za matoleo hayo zina kelele. Amri ya kuchapa maneno, ambayo Python 2 iliikubali bila mabano, hukataliwa na Python 3 papo hapo, na mwandishi hujua kuwa kuna jambo la kurekebisha. Tofauti za kuogopwa ni zile zilizo kimya. Tuseme kituo cha hali ya hewa kimepima mvua ya siku 7 na kupata jumla ya milimita 45. Tukiandika 45/7 katika Python 2 jawabu litakuwa 6, kwa sababu nambari zote mbili ni kamili na sehemu inayobaki hutupwa. Katika Python 3 jawabu ni 6.43 hivi. Mtu akizidisha wastani huo kwa siku 365 atapata milimita 2190 katika toleo la kwanza na milimita 2346 katika la pili. Hakuna onyo lolote litakalotokea. Kukadiria nako kumebadilika: tukiamuru 2.5 ikadiriwe kuwa nambari kamili, Python 2 hutoa 3 na Python 3 hutoa 2, kwa kuwa toleo jipya hupeleka nusu kwenye nambari shufwa iliyo jirani.

Msomaji atauliza: kwa nini basi tusiondoe toleo lililomo katika mashine na kuweka lile tunalolitaka? Jibu ni kwamba Python iliyokuja na mfumo si mali ya mtumiaji. Ubuntu 22.04 huja na Python 3.10, na Ubuntu 24.04 huja na 3.12, na baadhi ya vyombo vya mfumo wenyewe vimeandikwa kwa lugha hiyo, vikitegemea maktaba zilizoundwa kwa toleo hilo hasa na si jingine. Jina “python3” likielekezwa kwenye toleo geni, amri ya kuongeza ghala la programu hulalamika kuwa haioni maktaba yake, na katika matoleo kadhaa ya Ubuntu hata dirisha la kuandikia amri hukataa kufunguka. Anayeifuta kabisa Python ya mfumo huweza kuondoka nayo pamoja na sehemu kubwa ya mandhari ya kazi. Nimeletewa mashine za namna hiyo mara kadhaa na wanafunzi. Tiba yake huwa ya dakika moja, yaani kurudisha jina mahali pake. Lakini hutanguliwa na siku mbili za mahangaiko.

Ili kuelewa njia iliyo salama, yafaa kwanza tujue Linux huipataje programu. Mfumo huweka orodha ya saraka, yaani mahali pa kutunzia mafaili, iitwayo PATH. Mtu anapoandika jina la programu, saraka hizo hupekuliwa moja baada ya nyingine kwa mfuatano, na programu ya kwanza yenye jina hilo ndiyo huendeshwa. Upekuzi haundelei mbele kutafuta iliyo bora zaidi. Aidha, “python3” iliyomo katika “/usr/bin” kwa kawaida ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye jina kamili, kwa mfano “python3.12”. Kwa hiyo kusimamia matoleo ni kusimamia mambo mawili: majina, na mfuatano wa kupekua. Vyombo vyote vinavyosifiwa kwa kazi hii havina siri nyingine.

Anayejenga toleo la ziada kutoka katika msimbo asilia na atumie amri “make altinstall” badala ya “make install”. Ya kwanza huweka, kwa mfano, “python3.9” katika “/usr/local/bin” bila kuligusa jina fupi. Ya pili huweka na “python3” pia. Na kwa kuwa “/usr/local/bin” kwa kawaida hutangulia “/usr/bin”, jina fupi huwa limetekwa. Chombo kiitwacho pyenv hufanya kazi kwa kuweka saraka yake mwanzoni mwa PATH, humo mna programu ndogo zenye majina yale yale, ambazo husoma faili la “.python-version” katika saraka ya kazi na kukabidhi shughuli kwa toleo lililotajwa. Ni ufundi mzuri, ingawa kwa mtu mwenye matoleo mawili tu mimi huona majina kamili yanatosha.

Maktaba za ziada nazo zatakiwa kutengwa kwa kila kazi. Amri “python3.9 -m venv mvua” huunda mazingira yanayojitegemea ndani ya saraka “mvua”. Wengi hudhani kuwa mazingira hayo huleta toleo jipya la Python. Sivyo. Huazima toleo lililoyaunda, na kutenga maktaba tu. Toleo lenyewe sharti liwemo kwanza katika mashine. Tangu mwaka 2023, Debian 12 na Ubuntu 23.04 zilianza kumkataza mtumiaji kutumia pip kuweka maktaba ndani ya Python ya mfumo. Kuna neno la kulazimisha, nalo ni “--break-system-packages”, ambalo kwa Kiingereza lamaanisha “vunja vifurushi vya mfumo”. Ni nadra kuona amri inayojieleza kwa unyofu kiasi hicho.

Zabaki programu za kale za Python 2. Ubuntu 22.04 ina 2.7 katika maghala yake, Ubuntu 24.04 haina tena. Anayeihitaji aweza kuiendesha ndani ya kontena, yaani mfumo mdogo uliofungiwa ndani ya ule mkubwa, ili isichanganyike na kitu kingine. Kabla ya kuihamishia programu ya namna hiyo katika Python 3, data moja na ipitishwe katika matoleo yote mawili, na majawabu yalinganishwe safu kwa safu. Penye tofauti, hapana shaka mahali pa kwanza pa kutazama ni kila alama ya kugawanya.