SOMO LA NNE: SUKARI HUENDA WAPI?

Ukitia sukari katika chai na kukoroga, baada ya muda mfupi huioni tena. Je, imekwisha? Katika somo hili utachunguza jambo hilo. Ni jambo muhimu kwa kila mtoto, hasa yule akaaye karibu na machimbo ya dhahabu, kama vile Kalangalala katika mji wa Geita.

Jaribio

Vifaa: bilauri mbili safi, vijiko viwili vya chai vilivyo vikavu, sukari, mafuta ya pamba, na maji yaliyochemshwa na kupozwa.

1. Tia maji katika bilauri ya kwanza hadi nusu. Tia mafuta katika bilauri ya pili kwa kiasi kile kile.
2. Tia kijiko kimoja cha sukari katika kila bilauri.
3. Koroga kwa dakika 2, kila bilauri kwa kijiko chake.
4. Ziache zitulie, kisha tazama.

Umeona nini? Katika mafuta, sukari imetuama chini. Katika maji, sukari haionekani. Onja maji hayo kidogo. Ni matamu. Basi sukari imo, ingawa huioni. Tunasema sukari imeyeyuka. Maji ni kiyeyushi, sukari ni kiyeyushwa, na mchanganyiko wao huitwa myeyusho.

Kwa nini imekuwa hivyo?

Sukari imefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Molekuli za maji huzivuta za sukari, huzitenga na kuzitawanya kila mahali. Molekuli za mafuta haziwezi kufanya hivyo. Gramu 100 za maji yenye joto la nyuzi 20 za Sentigredi huweza kuyeyusha sukari gramu 200 hivi, lakini chumvi gramu 36 tu.

Kila kiyeyushi kina vitu vyake. Grisi haiyeyuki katika maji, bali huyeyuka katika mafuta ya taa. Ndiyo maana fundi baiskeli huosha mnyororo kwa mafuta ya taa.

Sasa mwombe mwalimu achemshe maji yenye sukari hadi yapungue nusu. Yakipoa, yaonje. Utamu umezidi! Maji yameondoka kama mvuke, lakini sukari imebaki.

Jihadhari

Katika Mkoa wa Geita, dhahabu hutenganishwa na mawe kwa kuyeyushwa katika maji yenye sianidi. Sianidi ni sumu kali iuayo upesi. Maji yenye sumu iliyoyeyuka yaweza kuwa maangavu kama yale ya bilauri yako. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuyafanyi maji ya machimboni kuwa salama. Usiyanywe, usiyaoge, wala usinyweshe mifugo. Wala usionje maji usiyoyajua ili kuyapima. Wewe umeonja maji ya jaribio kwa sababu ulijua kilichotiwa ndani yake.

Kumbuka: maji maangavu si lazima yawe maji safi.

Maswali

1. Taja kiyeyushi na kiyeyushwa katika maji ya chumvi.
2. Kwa nini sukari ilituama katika mafuta?
3. Rudia jaribio kwa maji ya moto. Sukari imeyeyuka upesi zaidi au polepole zaidi?
4. Rafiki yako ataka kunywa maji maangavu ya dimbwi la machimboni. Utamweleza nini?