Gesi baridi, nyota nzito na somo la qiyas

Ipo tabia iliyoota mizizi miongoni mwetu wakazi wa mijini. Kijana akisema anasomea uhasibu, tunampongeza. Akisema udaktari au sheria, tunamuombea dua. Lakini akisema anataka kusomea fizikia ya nadharia, yaani ile ya kalamu, karatasi na hesabu, tunamuuliza: "Hiyo utakula nini?" Wapo hata wanaomkumbusha ile dua ya kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na elimu isiyo na manufaa, kana kwamba dua hiyo iliwakusudia wanafizikia.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, si mwanafizikia. Hata hivyo, katika kusoma habari za watafiti wa nadharia za kwanta, viini vya atomu na gesi zilizopozwa mno, nimekutana na jambo ambalo mwanafunzi wa usul al-fiqh anapaswa kulitambua upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Hebu tulitazame hatua kwa hatua.

UGA NA FAMILIA MBILI ZA CHEMBE

Tuanze na neno uga. Mwanafunzi wa sekondari akiweka sumaku chini ya karatasi na kunyunyiza unga wa chuma juu yake, unga ule hujipanga kwa mistari. Kinachoupanga hakionekani, lakini athari yake ipo. Hicho ndicho kinachoitwa uga. Katika karne ya 20 wanasayansi walilipanua wazo hili. Walisema kila aina ya chembe ina uga wake ulioenea kila mahali, na chembe yenyewe ni kama wimbi dogo katika uga huo. Ndiyo maana elektroni zote ulimwenguni ni sawa kabisa. Zote ni mawimbi ya uga mmoja. Na hii si porojo. Hesabu za nadharia hii kuhusu nguvu ya sumaku ya elektroni zimelingana na vipimo vya maabara kwa zaidi ya tarakimu kumi.

Chembe hizo zimegawanyika katika familia mbili. Ya kwanza ni fermioni. Hizi ni kama abiria wa basi la mkoani: kiti kimoja, abiria mmoja. Wolfgang Pauli aliieleza kanuni hiyo mwaka 1925. Elektroni, protoni na nyutroni zimo katika familia hii. Ya pili ni bosoni, na chembe za mwanga ni mfano wake. Hizi ni kama sauti za maamuma wanapoitikia "Aamin": sauti elfu moja huingiliana na kuwa sauti moja kubwa, wala hakuna inayomsukuma mwenziwe.

MWALIMU WA DHAKA

Jina bosoni limetokana na Satyendra Nath Bose. Mwaka 1924 Bose alikuwa mwalimu wa umri wa miaka 30 katika Chuo Kikuu cha Dhaka, mji ambao leo ndio makao makuu ya Bangladesh. Chuo chenyewe kilikuwa na miaka mitatu tu, nchi ilikuwa chini ya Mwingereza, na Bose hakuwa na shahada ya uzamivu. Aligundua njia mpya ya kuhesabu chembe za mwanga. Jarida moja la Uingereza halikuichapisha makala yake. Hakukata tamaa, akamtumia Albert Einstein huko Ujerumani. Einstein aliitafsiri kwa Kijerumani, ikachapishwa, kisha akaendeleza hesabu zile. Akasema gesi ya atomu za familia ya bosoni ikipozwa vya kutosha, atomu zake nyingi zitaingia katika hali moja na kutenda kama kitu kimoja.

Utabiri huo ulikaa kwenye karatasi kwa miaka 70. Ilipofika Juni 1995, Eric Cornell na Carl Wieman, huko Boulder nchini Marekani, waliushuhudia kwa macho. Walipoza atomu za rubidiamu hadi chini ya sehemu moja ya milioni ya digrii juu ya sifuri halisi, ile iliyo nyuzi 273 chini ya sifuri yetu ya kawaida. Walitumia mwanga wa leza, na hatua ya mwisho ilikuwa kanuni ile ile inayopoza chai kwenye kisahani: zenye joto kali ziliachwa zitoroke, zilizobaki zikapoa. Mwaka huo huo Wolfgang Ketterle naye alifanikiwa kwa kutumia sodiamu. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Bose alikuwa amekwishafariki tangu 1974.

Sasa jiulize ndugu msomaji. Mwaka 1924, nani angeweza kumjibu mzazi aliyeuliza hesabu za Bose zitaleta mkate gani mezani?

QIYAS YA WANAFIZIKIA

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Nyota ya nyutroni ni mabaki ya nyota kubwa iliyokufa. Mata yake inazidi ya jua, lakini kipenyo chake ni kama kilometa 24 tu. Kijiko kimoja cha chai kilichojazwa mata hiyo kingekuwa na zaidi ya tani bilioni moja. Hakuna awezaye kwenda kuchota. Wala hapa duniani hakuna maabara inayoweza kukusanya nyutroni tupu zikatulia kama zilivyo ndani ya nyota hiyo. Je, tutaijuaje?

Aliyesoma usul al-fiqh anazijua nguzo nne za qiyas: asili, tawi, sababu ('illa) na hukumu. Mvinyo una hukumu inayojulikana. Kinajitokeza kinywaji kipya ambacho jina lake halikutajwa. Mwanachuoni hatazami rangi, harufu wala chupa. Anatazama sababu, nayo ni kulevya. Akiikuta katika kinywaji kipya, hukumu inahama pamoja nayo.

Wataalamu wa nadharia ya nyuklia walipita njia inayofanana na hiyo. Mwaka 1999 mwanafizikia George Bertsch aliweka swali mbele ya wenzake. Tuchukue kundi la fermioni zinazovutana kwa nguvu iliyofika ukingoni, kiasi kwamba mbili zinakaribia kushikamana lakini bado. Tuchukulie pia kwamba nguvu hiyo inafika umbali mfupi mno ukilinganisha na nafasi iliyopo kati ya chembe na chembe. Je, kundi zima litakuwa na nishati kiasi gani? Uzuri wa swali hili ni kwamba katika hali hiyo sifa binafsi za chembe hazina tena uzito. Iwe nyutroni au atomu nzima, jibu ni moja.

Nyutroni ziko karibu na ukingo huo kwa maumbile yake. Hazikupatikana za kupimia, lakini atomu za lithiamu zilipatikana. Aina moja ya lithiamu ni fermioni, na mtafiti akizungusha kitufe cha uga wa sumaku anaweza kuongeza au kupunguza mvutano wake mpaka afike ukingoni hasa. Vipimo vya gesi hiyo na hesabu za kompyuta vilikutana kwenye jibu: nishati ni takriban 0.37 ya ile ambayo kundi lingekuwa nayo kama chembe zake zisingevutana kabisa. Aidha, mwaka 2005 kundi la Ketterle lilithibitisha kwamba gesi hiyo inatiririka bila msuguano, jambo ambalo wataalamu wa nyota walikuwa wakilihitaji katika kueleza mwenendo wa nyota za nyutroni.

Basi panga mwenyewe. Asili ni lithiamu iliyo mezani. Tawi ni nyutroni zilizo ndani ya nyota. Sababu ni mvutano uliofika ukingoni pamoja na kanuni ya Pauli. Hukumu ni ile 0.37 na tabia zinazoandamana nayo.

Na kama ilivyo kwa mafakihi, wanafizikia nao wanaogopa qiyas yenye tofauti, ile ambayo sababu imepungua katika tawi. Nguvu ya nyutroni haifiki umbali mfupi kiasi kile kinachotakiwa na swali la Bertsch. Katika tabaka za nje za nyota, ambako nyutroni zimeachana, mfano wa lithiamu unasaidia sana. Ukizama ndani zaidi, nyutroni zinabanana, nguvu nyingine zinaingia, na mfano unakatika. Mtafiti makini anasema wazi mpaka wake uko wapi. Huo ni uaminifu wa elimu ambao hata sisi wa mimbari unatufaa.

MOTO NA BARIDI

Kuna mfano mwingine unaoshangaza zaidi. Katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, mtambo ulioanza kazi mwaka 2000 uligonganisha viini vya dhahabu kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Joto lilifika digrii kama trilioni 4, na protoni na nyutroni ziliyeyuka zikawa supu ya chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki na gluoni. Wengi walitarajia supu hiyo itawanyike kama gesi. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba inatiririka kama kimiminika chenye mnato mdogo ajabu.

Miaka mitatu kabla, mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walikuwa wameliachia huru wingu la lithiamu baridi lenye umbo refu jembamba. Wingu lilitanuka upande wake mwembamba, upande mrefu ukabaki karibu kama ulivyo. Supu ya Brookhaven nayo ilionyesha mtiririko wa namna hiyo. Joto la vitu hivi viwili linapishana zaidi ya mara bilioni bilioni kumi, lakini hesabu za kimiminika zinazovieleza ni za ukoo mmoja.

FAIDA IKO WAPI?

Kwanza, faida ya nadharia ni hiyo hiyo ya qiyas. Inakuwezesha kukijua usichokifikia kwa kupitia unachokishika.

Pili, matunda huja, ila hayaji kwa ratiba ya mzazi. Saa bora za atomu zilizopozwa kwa leza leo hazingekosea sekunde moja hata kama zingetembea umri wote wa ulimwengu. Na simu inayokuonyesha Qibla ukiwa safarini inategemea satelaiti zenye saa za atomu, ambazo zimezaliwa na fizikia hii ya kwanta. Al-Biruni alipohangaika na hesabu ili kupata Qibla cha mji wa Ghazna, hakuna anayesema leo kwamba alipoteza muda.

Tatu, elimu hii haidai utajiri ili kuianza. Bose alianza na kalamu. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, kilianzishwa mwaka 1964 kwa juhudi za Mpakistani Abdus Salam, kikilenga hasa wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Mwaka 2018 taasisi dada ya kituo hicho ilifunguliwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Kigali si mbali.

Nina tahadhari moja. Baadhi yetu tukisikia habari kama hizi tunakimbilia kutafuta aya ya kuzibandika, tukisema haya yote tulikuwa nayo. Nadharia za wanadamu hurekebishwa. Ukiifunga aya kwenye nadharia ya leo, kesho nadharia ikibadilika utamweka kijana wako kwenye mtihani usio wa lazima. Heshima ya Qur'an haihitaji msaada wa gesi ya lithiamu. Tulichoamrishwa ni kutazama na kutafakari, na kutafakari ni kazi. Haifanywi kwa kusubiri wengine wavumbue kisha sisi tukatoa dalili.

Kwa hiyo, mzazi mwenye kijana anayependa hesabu, usimvunje moyo. Mwalimu wa madrasa, unapofundisha qiyas, mtajie mwanafunzi na nyota ya nyutroni. Nawe kijana, ukiulizwa elimu hiyo utakula nini, jibu kwa adabu kwamba mwalimu mmoja wa Dhaka naye angeweza kuulizwa hivyo hivyo, na jibu lilikuja baada ya miaka 70.

Wallahu a'lam.