Kasuku wa Pili Nyumbani

Wenzangu mnaofuga ndege, sikilizeni kosa langu. Mwaka 2019 mzee mmoja aliyekuwa akihama Kampala aliniachia kasuku wake wa kijivu, pamoja na karatasi za ruhusa. (Ziulizeni daima, maana tangu 2017 biashara ya kuwauza nchi za nje kasuku hao waliokamatwa mwituni imepigwa marufuku.) Mimi nilikuwa na wangu tayari. Siku ile ile nikamtia mgeni katika tundu la mwenyeji, nikidhani watafurahi. Jioni nikamkuta mgeni ameng'atwa kidole, damu inamtoka.

Sababu ni hii: kwa kasuku, tundu ni mji wake, naye huulinda. Basi nikaanza upya. Mgeni alikaa chumba cha peke yake siku 40, kwa kuwa kasuku aweza kuonekana mzima, kumbe mgonjwa. Na uko ugonjwa wake ambao hata mtu huupata kwa kuvuta vumbi la mavi makavu, ukamshika mapafu. Halafu nikaweka matundu mawili mbali mbali, wakionana, nikawa nayasogeza kidogo kidogo kila walipokula kwa utulivu. Mboni zikitanuka na kusinyaa upesi, na manyoya ya shingo yakisimama, niliyarudisha nyuma. Chakula nilimpa mwenyeji kwanza. Mwisho nikawatoa wote wawili juu ya meza, mahali pasipokuwa pa yeyote kati yao.

Mpaka leo kila mmoja hulala tunduni mwake. Mgeni akipiga mbinja, mwenyeji humjibu kwa kukohoa kama mimi.