Ushuhuda Si Cheti: Kujenga Kazi ya Afya na Imani Ukishashuka Jukwaani

Wanamitindo tunastaafu mapema. Katika umri ambao daktari ndiyo kwanza anamaliza mafunzo ya vitendo, sisi tunaanza kuambiwa kwamba sura mpya zimeingia sokoni. Ongeza hapo msiba, ndoa iliyovunjika au ugonjwa, utaelewa kwa nini wengi wetu tunaishia kwenye njia moja: tunamrudia Mungu, tunapona kiasi cha kupona, kisha tunafungua ukurasa wa mazoezi, lishe na maombi. Njia hiyo siidharau, maana nami ni mmoja wa wanaoipita. Lakini hadithi yangu sitaisimulia hapa, na kutoisimulia kwenyewe ni sehemu ya hoja yangu. Kazi hii imejaa hadithi na imepungukiwa ujuzi. Ushuhuda unafungua mlango. Haukupi uwezo wa kumhudumia aliyeingia. Na imani, katika kazi inayogusa miili ya watu, haijulikani kwa unayoyaahidi. Inajulikana kwa unayokataa kuyaahidi. Mengine yote nitakayoshauri, kuanzia masomo hadi bei, yanatokana na hapo.

Anza kwa kuhesabu kwa haki ulichotoka nacho jukwaani. Si kidogo: kufika kwa wakati, kusoma mkataba kabla ya kusaini, kukataliwa asubuhi na mchana ukasimama tena mbele ya watu wengine, kuzungumza na kamera bila kutetemeka. Hizo ni mali, na mkufunzi wa mazoezi aliyesoma vitabu pekee angezitamani. Ambacho hukutoka nacho ni elimu ya afya. Mwaka 2006 mwanamitindo wa Brazil, Ana Carolina Reston, alifariki akiwa na miaka 21 kwa madhara ya kujinyima chakula. Mwaka huohuo waandaaji wa maonyesho ya mitindo ya Madrid waliwazuia kupanda jukwaani waliokonda kupita kipimo. Israel ikatunga sheria ya namna hiyo mwaka 2012, na Ufaransa tangu 2017 inadai cheti cha daktari kabla mwanamitindo hajapewa kazi. Serikali hazitungi sheria ya kulinda miili iliyo salama. Kwa hiyo mteja anapokuambia anataka mwili kama wako, anakuomba kitu ambacho tasnia yenyewe ilibidi ishikwe mkono ili isiue watu wake. Kumuuzia kitu hicho chini ya jina la Mungu ni kumrudisha palepale ulipotoka wewe.

Tabu nayo ina mipaka yake kama mwalimu. Inakupa huruma, tena inakupa maswali ambayo mtu aliyelelewa kwa raha hawezi kuyauliza. Majibu haikupi. Tazama walioitumia tabu yao vizuri. Christy Turlington wa Marekani, mmoja wa wanamitindo maarufu wa miaka ya 1990, alivuja damu nyingi baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza mwaka 2003. Hakutoka hospitalini kwenda kuwafundisha wajawazito uzazi kwa kuwa tu yeye alinusurika. Mwaka 2010 alitoa filamu kuhusu vifo vya wajawazito, na Tanzania ni moja ya nchi nne zinazoonekana humo; akaanzisha shirika la Every Mother Counts, na akajiandikisha kusoma afya ya umma katika Chuo Kikuu cha Columbia. Dada yetu Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, aliteseka kwa endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, na akafanyiwa upasuaji mara kadhaa. Alipoamua kusema hadharani, hakuuza chupa ya dawa. Alilitaja jina la ugonjwa ambao wasichana wengi walikuwa wakiambiwa ni maumivu ya kawaida ya kila mwezi. Naye Waris Dirie, mwanamitindo wa Kisomali aliyekeketwa utotoni, jina la harakati zake liko juu ya kituo cha kuwatibu waliokeketwa, kilichofunguliwa mwaka 2013 katika Hospitali ya Waldfriede mjini Berlin, ambayo ni ya Waadventista Wasabato. Hapo ndipo mfano ulipokamilika: tabu yake ilileta sababu, taasisi ya dini ikatoa nyumba, na kisu kikabaki mkononi mwa daktari bingwa wa upasuaji.

Basi imani inaingia wapi, kama si kwenye kuponya? Inaingia kwenye mazoea, na ushahidi upo. Waadventista walianza kufundisha habari za lishe na kujizuia tangu miaka ya 1860, na mwaka 1866 wakafungua kituo chao cha afya Battle Creek, Michigan. Watafiti wa Loma Linda, California, wamewafuatilia waumini hao tangu 1958. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba wanaume wao waliishi takriban miaka 7 zaidi ya wanaume wengine wa California, na wanawake wao takriban miaka 4 zaidi. Ukisoma sababu hukuti maji ya upako. Unakuta watu wasiovuta sigara, wanaokula mboga, kunde na karanga, wanaotembea, wanaopumzika siku moja kila wiki bila kuona aibu, na wanaofahamiana kwa majina. Waumini haohao walijenga hospitali na chuo cha udaktari. Hawakuona kwamba kumwamini Mungu kunafuta haja ya hadubini. Ndiyo maana namshauri anayeanza aitumie dini pale ilipo na nguvu kuliko jimu yoyote: katika ratiba na katika jumuiya. Kikundi cha akina mama wanaokutana kila Alhamisi kwa maombi tayari kina siku, saa, mahali na watu wanaoulizana mwenzao yuko wapi asipofika. Waliomo kwenye darsa la msikitini wanacho hichohicho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Nusu saa ya kutembea kwa haraka mara tano inatosha, na kikundi chenye nidhamu ya ibada kinaweza kuifikia bila kununua kifaa chochote.

Kuna atakayenizuia hapa, na ana haki. Atasema kuchanganya dini na afya ni kucheza na moto, na atataja Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walipanga foleni ya magari kijijini Samunge, Loliondo, kwenda kunywa kikombe cha dawa ya mzee aliyejulikana kama Babu kwa shilingi 500. Wagonjwa walitolewa hospitalini na ndugu zao ili wawahi, na wapo waliofia njiani. Atataja pia Shakahola, Kenya, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa. Sitajibu kwamba wale hawakuwa na imani ya kweli. Jibu hilo ni rahisi, na halimlindi mtu yeyote. Jibu langu ni kwamba dini zenyewe zina breki, na kazi yako ni kuzikanyaga. Uislamu unamruhusu mgonjwa na msafiri kula mchana wa Ramadhani na kulipa baadaye. Maana yake, hata ibada ya faradhi imeuwekea mwili wa mgonjwa nafasi. Ukristo unamheshimu Luka, ambaye mapokeo yanamkumbuka kama tabibu. Kwa hiyo andika masharti yako kabla ya mteja wa kwanza. Hutamwambia mtu aache au apunguze dawa za presha, kisukari au ARV. Hutampangia mgonjwa mfungo bila daktari wake. Hutatamka neno "kupona" katika tangazo. Na mteja akikuambia ameacha dawa kwa sababu ameombewa, hutamsifu kwa imani yake. Utamwomba arudi kliniki, na utamwombea akiwa njiani kwenda huko.

Baada ya masharti ndipo masomo, na ushauri wangu ni kuchagua fani moja. Ukurasa unaosema mazoezi, lishe, saikolojia, urembo, ndoa na maombi kwa pamoja unamwambia msomaji makini kwamba hakuna hata moja ulilolisoma. Sheria nayo inatenganisha. Kenya imekuwa na sheria ya wataalamu wa lishe tangu 2007 na ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014. Majina hayo si ya kujipachika. Nchini Tanzania, tiba asili na tiba mbadala zina sheria yake ya 2002 na baraza lake, na tangu 2019 vyakula na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), kwa hiyo hata ile chai ya kupunguza tumbo unayotaka kuifunga kwenye pakiti yenye picha yako ina mwenyewe wa kumuuliza kwanza. Anayependa lishe anaweza kuisomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Anayependa mazoezi atafute kozi yenye mtihani na mafunzo ya huduma ya kwanza. Kama huna miaka wala ada, bado unayo nafasi ya heshima: kuwa mwandaaji. Unakusanya kikundi, unatafuta mahali, unamwalika muuguzi apime presha mara moja kwa mwezi, unamwalika mtaalamu wa lishe azungumzie ugali, mchicha na mafuta ya kupikia, nawe unaongoza matembezi. Hayo yote unaweza kuyafanya bila kudanganya kuhusu wewe ni nani.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya nyumba ya imani: kama ni huduma ya Mungu, mbona unatoza? Mtume Paulo alishona mahema, na Mtume Muhammad alikuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume. Kipato halali hakijawahi kuwa aibu. Aibu ni kuchanganya daftari mbili. Maombi hayauzwi, hata kwa jina la sadaka ya kushukuru. Saa ya mafunzo inauzwa, na bei yake inatokana na hesabu. Tuseme ukumbi ni shilingi 20,000 kwa kipindi na una vipindi 12 kwa mwezi: hizo ni 240,000. Nauli ya 5,000 kila kipindi inaongeza 60,000. Umefika 300,000 kabla hujala. Ukiwa na washiriki 15, kila mmoja akitoa 20,000 umerudisha gharama tu. Ukitoza 15,000 "kwa upendo", kila mwezi unatoa 75,000 mfukoni mwako, na baada ya nusu mwaka kikundi kitakufa na watu watasema ulichoka. Afadhali utoze 30,000 kwa 13 na nafasi mbili uzitoe bure kwa wasio na uwezo, bila kuwataja. Zitabaki 90,000, na huo ndio mshahara wako wa mwanzo. Ni mdogo, kwa hiyo usiache kazi nyingine kwa sababu ya mahubiri yaliyokugusa Jumapili moja.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kwangu. Litasema: watu hawaji kwa sababu ya masharti na hesabu zako, wanakuja kwa sababu ya sura yako na simulizi lako, ukiviondoa hivyo utabaki na ukumbi mtupu. Kuna ukweli hapo, na sisemi uviondoe. Nasema uvipe kazi ndogo. Ushuhuda wa haki una sehemu tatu: lililotokea, waliosaidia, na usilolijua. Wengi wetu tunaisema ya kwanza kwa machozi na kuziruka mbili zinazofuata. Mtaje daktari, mtaje dada aliyekulipia kodi ya nyumba, taja vidonge ulivyomeza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachompunguzia Mungu utukufu. Kuhusu sura, acha picha za kabla na baada. Zinamfundisha mteja kwamba mwili wa jana ulikuwa kosa, nalo ndilo somo la jukwaani lililotuumiza. Pima vitu vingine: presha, usingizi, idadi ya ngazi anazopanda bila kuhema. Na siri ya mteja isigeuzwe ushuhuda wako hata kama amekuruhusu akiwa amelia. Mwulize tena baada ya mwezi, machozi yakiwa yamekauka.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mkaguzi. Chukua simu yako uangalie kama ina namba tatu: ya daktari au muuguzi atakayepokea usiku, ya mshauri nasaha aliyesoma, na ya ofisa ustawi wa jamii wa kata yako. Siku moja, baada ya mazoezi, mwanamke atabaki nyuma wenzake wakiondoka. Atakuambia anavuja damu wiki ya tatu sasa, au kwamba ile alama shingoni haikutokana na kuanguka. Atakuwa amekuchagua wewe kwa sababu ya ushuhuda wako. Mlango umefunguka, kama ulivyoahidi. Usimsimulie ya kwako. Keti naye, piga namba inayohusika, na kama atataka kuombewa, ombeni mkiwa mnasubiri usafiri.