Vitawe Mezani: Lugha na Chakula katika Mwaka Mpya wa Wachina

Utangulizi

Mwaka mpya wa jadi wa Wachina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Usiku wa kuamkia siku hiyo, jamaa waliotawanyika kikazi hurejea nyumbani ili wale pamoja. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mlo huo ni dua, na kwamba asiyesikia maneno yaliyomo huona mapishi tu.

Sauti na maana

Mwanafunzi wa Kiswahili anavifahamu vitawe: kaa ni kitenzi, ni kiumbe wa baharini, tena ni kipande cha makaa. Katika Kichina, maneno mengi huandikwa kwa herufi tofauti ilhali hutamkwa sawa. Yu ni samaki. Yu, kwa toni ile ile, ni ziada. Kwa hiyo samaki huandaliwa akiwa mzima, na familia nyingi humbakiza kwa makusudi hadi kesho yake, ili mwaka uingie ukute akiba. Kummaliza ni kuukaribisha mwaka mikono mitupu.

Kusini mwa nchi huliwa niangao, keki ya unga wa mchele unaonata. Nian husikika kama mwaka, na gao kama juu. Anayeila hujitakia mwaka wa kupanda daraja. Wasemao Kikantoni hupeana machenza, kwani jina la tunda hilo, gam, hulingana na la dhahabu.

Kaskazini, familia huketi pamoja kutengeneza jiaozi, vifuko vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama na mboga. Jina hilo huhusishwa na makutano ya mwaka wa kale na mpya katika zi, kipindi cha saa tano hadi saa saba usiku. Umbo lake hufanana na vipande vya fedha vya zamani, na aghalabu sarafu hufichwa katika kimoja. Atakayeipata ndiye mwenye bahati.

Miiko

Siku ya kwanza watu wengi hawafagii, wasije wakaifagia bahati ikatoka nje. Maneno ya kifo na maradhi huepukwa. Mtoto akivunja bakuli, mkubwa husema haraka, "Suisui ping'an." Sui ni kuvunjika vipande, na pia ni mwaka, basi ajali hugeuzwa kuwa ombi la amani mwaka baada ya mwaka, na mtoto hunusurika kukemewa.

Uthabiti wa mila

Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya Nanjing ilijaribu kuifuta sherehe hii bila mafanikio. Mwaka wa 1967, wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, likizo yake ilisimamishwa, ikarejeshwa mwaka wa 1980. Desemba 2024, UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Amri huweza kufuta likizo. Ni vigumu kufuta neno lililomo kinywani pamoja na tonge.

Hitimisho

Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2005, na tafsiri ya moja kwa moja kati ya Kichina na Kiswahili ni kazi inayowasubiri wasomi. Mfasiri atakayeandika "samaki" na kuishia hapo atakuwa amefasiri kitoweo, akaiacha dua sahanini. Hana budi kumfafanulia msomaji ni kwa nini samaki huyo hakumalizwa.