Mwinamo wa Ubao na Mguu wa Mbwa

Katika kata ya Chanzuru, wilayani Kilosa, kama ilivyo mahali pengi penye mashamba na mifugo, mbwa ni mlinzi. Mbwa aliyeumia mguu wa nyuma hutembelea mitatu iliyobaki. Hata jeraha likipona, msuli wa paja huwa umekwisha kusinyaa kwa kukosa kazi, naye huendelea kuchechemea. Msuli huo hurejeshwa kwa mazoezi, na chombo chake ni rahisi: ubao uliowekwa kwa mwinamo.

Mbwa asimamapo mahali tambarare, miguu ya mbele huchukua takriban asilimia 60 ya uzito wake, na ya nyuma asilimia 40. Mbwa wa kilo 20 ana uzito wa nyutoni 200 hivi. Basi miguu ya mbele hubeba nyutoni 120, na ya nyuma 80.

Sasa asimame juu ya ubao wa mita 3, ambao ncha yake moja imeinuliwa nusu mita, naye ameelekea juu. Kani inayomvuta kuteremka ni 200 × 0.5 ÷ 3, yaani nyutoni 33. Ikiwa kitovu cha uzito wake kiko sentimita 35 juu ya ubao, na miguu ya mbele iko sentimita 60 kutoka ya nyuma, hesabu ya momenti yaonyesha kwamba kila jozi hubeba karibu nyutoni 98. Miguu ya nyuma imeongezewa nyutoni 18 bila mbwa kubebeshwa mzigo wowote. Akigeuzwa kuelekea chini, ya mbele hubeba 138, na ya nyuma 59 tu.

Kwa hiyo kupanda humfaa mwenye paja dhaifu, bali kuteremka humlemea aliyeumia bega au kiwiko. Na kwa kuwa apandaye hana budi kushuka, upande wa kushukia uwe mrefu na wenye mwinamo mdogo zaidi.

Mazoezi yaanze baada ya daktari wa mifugo kuridhika kuwa mfupa umeunga. Ubao ufunikwe gunia ili kuongeza msuguano, na mbwa aongozwe polepole kwa kamba. Akizidi kuchechemea, apumzishwe. Mzunguko wa mapaja yote mawili upimwe kila wiki kwa utepe: tofauti ikipungua, msuli unarudi.

Zoezi: Ncha ya ubao ikiinuliwa sentimita 25 tu, kani ya kuteremka ni nyutoni ngapi?