Kunde zenye mabaka: mbegu huchaguliwa shambani, si ghalani



Somo letu safari hii ni kunde. Huku Ukambani na sehemu nyingine kavu, kunde ni zao la nyumba nzima. Majani ni mboga, punje zinaingia kwenye githeri au muthokoi, na baada ya kuvuna, mashina na majani yaliyobaki ni lishe ya mbuzi na ng'ombe wakati nyasi zimekwisha. Kwa hiyo kunde zikiugua, hasara inaingia kwa milango mitatu.

Ugonjwa tunaouzungumzia huletwa na virusi. Dalili zake utaziona juu, kwenye majani machanga. Jani linatoka na mabaka, mahali kijani iliyokolea na mahali kijani hafifu, kama kitambaa kilichopauka hapa na pale. Halafu linajikunja au kuvimba-vimba. Mmea unadumaa na maganda yanakuwa machache. Usichanganye hali hii na njaa ya udongo. Mmea wenye njaa hugeuka manjano karibu jani zima, tena huanzia majani ya chini yaliyozeeka.

Mara nyingi utakuta mashamba mawili yamepakana, mvua ni ile ile, lakini moja lina mabaka toka mwanzo na lingine ni zima. Hapo ndipo maneno huanza. Ati fulani ana jicho baya, ati fulani alipita hapa asubuhi. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa maneno kama hayo, na kumbe jibu liko ndani ya kibuyu cha mbegu.

Virusi vya kunde hukaa ndani kabisa ya mbegu, mahali mche unapoanzia. Mbegu yenyewe inaweza kuwa nzuri, imejaa, inang'aa. Huwezi kuijua kwa macho. Kuianika juani hakuondoi virusi, na jivu tunalochanganya na mbegu linasaidia kwa fukusi tu. Tuseme katika kila mbegu 100 ni 2 tu zilizo na virusi. Ukiotesha miche 5,000, miche 100 imeugua tangu siku ya kuota, nayo imetawanyika shamba lote.

Kisha wanakuja vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaorundikana kwenye ncha za kunde. Kidukari hula kwa kunyonya. Akitua kwenye mmea huuonja kwanza kwa kuuchoma na mdomo wake. Sekunde chache zinamtosha kuchukua virusi kwenye mche mgonjwa, na sekunde chache tena kuviacha kwenye mche mzima wa jirani.

Sasa mtaelewa kwa nini dawa ya kunyunyizia haiwezi kutuokoa hapa. Dawa inaua kidukari, ndiyo, lakini akija kutoka shamba lingine atakuwa ameshaonja na kuacha virusi kabla hajafa. Na mmea ulioingiwa na virusi hauna dawa yoyote ya kuuponya. Mtu wa duka akikuambia anayo, rudi nyumbani na pesa zako. Tena tukumbuke kunde ni mboga. Mama anayechuma majani siku mbili baada ya kunyunyizia anapelekea watoto sumu mezani.

Tufanye nini basi? Kazi kubwa ni ya macho. Wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, tembeeni shambani mstari kwa mstari. Kila mche wenye mabaka ung'olewe siku hiyo hiyo. Najua inauma kung'oa kitu ulichopanda kwa jasho, lakini mche huo ukiachwa ndio kisima cha virusi kwa wote. Mpe mbuzi. Virusi vya mimea haviambukizi mnyama wala mtu, kwa hiyo hakuna hatari kumlisha, isipokuwa kama shamba lilikuwa limenyunyiziwa dawa.

Rudini tena kabla ya maua. Chagueni mimea mizima kabisa na kufunga kila mmoja utepe wa kitambaa au kuchomeka kijiti kando yake. Hiyo ndiyo itakayotoa mbegu. Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu maganda yakishakauka na majani kupukutika, mmea mgonjwa na mzima hufanana, na mtu anayechagua mbegu ghalani anabahatisha tu. Mimea ya mbegu msiichume majani sana. Na kunde zilizojiotea zenyewe kabla ya mvua ziondolewe, maana vidukari na virusi hujificha humo. Mistari michache ya mahindi au mtama kuzunguka shamba pia inasaidia: kidukari anayetua huko kwanza na kuonja, mdomo wake unapoteza virusi kabla hajafika kwenye kunde.

Wenzetu wa Nyanza na Magharibi wanaolima njugu karanga wasichukue somo hili lote kama lilivyo. Kidukari yule mweusi ndiye anayewaletea ule ugonjwa unaofanya njugu ijikunyate kama ua lililofumbana. Uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1907, katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Lakini virusi vyake havipiti katika mbegu. Dawa ya njugu ni kupanda mapema mvua za kwanza zinapoanza, na kuzipanda karibu-karibu zifunike udongo upesi, kwa sababu vidukari hupenda kutua mahali penye mianya.

Jambo gumu zaidi ni ghala la mbegu la kikundi. Kila mtu analeta kilo yake, zinamwagwa kwenye gunia moja, na msimu ujao mbegu za shamba moja bovu zimefika kwa watu ishirini. Kwa maoni yangu, mbegu isipokelewe kama wanakamati hawakuliona shamba likiwa bado kijani. Aliyekuwa na mabaka mengi ale kunde zake au auze kwa chakula, kisha apewe mbegu safi kutoka ghalani bila kuaibishwa, alipe baada ya mavuno. Tukimwaibisha, mwaka ujao ataficha.

Maswali ya kuzungumzia katika mkutano wenu: Mbegu za kunde mlizopanda msimu uliopita zilitoka kwa nani, na je, kuna aliyeliona shamba hilo? Ni nani watatembelea mashamba wiki ya tatu, na mwenye shamba akikataa kung'oa mtasemaje naye?